Barua ya wazi kwa mnaosimamia timu ya taifa ya judo: mtu mmoja kambini sio timu

Waheshimiwa viongozi wetu,

Kwa mlionizidi umri shikamooni, na kwa wengine wote habari za majukumu.

YAH: MAANDALIZI YA TIMU YA TAIFA YA JUDO KUELEKEA GLASGOW 2026 NA LOS ANGELES 2028

Nianze kwa kusema kwamba hii barua sikutaka iwe ya wazi. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono wangu mwenyewe, nikagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala na nakala hiyo ninayo mpaka leo, ipo kwenye bahasha ya kaki pamoja na vyeti vya watoto. Ya pili nilipoenda kuiulizia nikaambiwa haionekani, labda imechanganyika kwenye faili lingine. Ya tatu nikaipiga picha nikaituma wasapu, tiki zote mbili zikawa bluu halafu kimya. Nikapiga simu, mara nyingi tu, na siku niliyopokelewa nikaambiwa "mwalimu tulia, hilo jambo linafanyiwa kazi". Nimetulia mwaka mzima na ushee. Sasa Michezo ya Jumuiya ya Madola inaanza Glasgow tarehe 23 Julai na judo ipo kwenye ratiba, na mimi nikiendelea kutulia watoto watakuja kuniuliza nilikuwa wapi.

Sitaji jina la mtu wala jina la ofisi, kwa sababu sitafuti kumdhalilisha mtu. Mnaohusika mnajijua na wenzangu wenye klabu wanajua ninachosema.

Mimi ni mwalimu wa judo wa mtaani huku Temeke. Nilishindana mpaka goti la kulia lilipokataa, nikaanza kufundisha. Dojo letu, yaani ukumbi wetu wa mazoezi, ni banda nyuma ya karakana ya useremala, chini tumemwaga maranda tukashindilia, juu yake tukatandika turubai la lori na kulikaza kwa kamba kwenye vigingi pande zote nne. Kila baada ya wiki mbili tunafungua turubai tunasawazisha maranda maana yanahama, katikati panabaki shimo na pembeni kunakuwa tuta, na mtoto akitupwa pale kwenye shimo unasikia mlio tofauti kabisa, mlio wa mgongo na udongo. Lakini silalamikii banda langu, banda ni langu na wazazi na yule fundi seremala aliyetupa nafasi bure, Mungu ambariki. Ninachokilalamikia ni timu ya taifa, ambayo ni ya wote.

Kilichonifanya nichukue kalamu ni kitu nilichokiona kwa macho. Kijana wangu mmoja aliitwa kambini kujiandaa na mashindano ya nje. Tulifurahi sana, mama yake alipika pilau akagawa kwa majirani. Wiki ya pili nikaenda kumtembelea nikamkuta kwenye kibaraza cha hosteli, amefunga mpira wa ndani wa tairi la baiskeli kwenye nguzo, ameshika ncha mbili kama vile ameshika kola na mkono wa mtu, anageuka anavuta, anageuka anavuta, uchi mata (mtupo wa kumwinua mtu kwa paja) mia kulia na mia kushoto. Jasho linatiririka. Nikamuuliza randori, yaani mazoezi ya kupambana na mwenzako, unafanya na nani? Akasema sensei (mwalimu) hakuna mtu, nimeitwa peke yangu kwa sababu tiketi ni moja, ila jioni mlinzi wa hapa akimaliza kufunga geti huwa ananisaidia kushika kola.

Mlinzi wa geti, waheshimiwa. Mzee wa watu mwenye kandambili, anamshikia kola mchezaji wa timu ya taifa ya nchi hii kwa huruma yake tu. Nilimshukuru yule mzee mpaka nikakosa maneno.

Kijana alisafiri, akapanda kwenye tatami (mikeka ya judo), na ndani ya dakika ya kwanza alitupwa ippon, pointi inayomaliza pambano. Niliangalia kwenye simu. Nguvu alikuwa nazo na pumzi alikuwa nayo, kilichomwangusha ni kumikata, ule ugomvi wa kushikana. Mkono wake ulikuwa unachelewa. Anapeleka mkono kwenye kola ya mwenzie anakuta tayari ameshikwa yeye, anajaribu kujitoa anavutwa, kwa sababu wiki zote zile alikuwa anashika mpira wa tairi na mpira wa tairi haukushiki na wewe. Aliporudi alikaa siku nne hajaja mazoezini anaona aibu, mpaka nilipomfuata nyumbani. Aibu ile haikuwa yake.

Kwa wasomaji wasioujua mchezo huu niwaeleze kidogo maana hapa ndipo penye kiini cha barua nzima. Septemba 2025 Alphonce Simbu wetu alishinda marathoni ya dunia kule Tokyo, Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha, na wote tulilia kwa furaha. Mkimbiaji akikosa kila kitu bado ana barabara, anaweza kuamka saa kumi alfajiri akakimbia mwenyewe (ingawa na wao wanahitaji wenzao, najua). Judo hiyo njia haina. Jigoro Kano alipoanzisha judo Japani mwaka 1882 aliweka misingi miwili mikubwa na mmoja wao ni jita kyoei, mimi na mwenzangu tuinuke pamoja. Kwetu sisi huo ndio utaratibu wenyewe wa mazoezi: bila mwili wa mtu mwingine anayekataa kuanguka hakuna unachojifunza. Unahitaji mrefu, mfupi, anayeshika kushoto, mzito kukuzidi, mwepesi anayekukimbia, na unahitaji wote hao kila siku kwa miezi. Ukimwita mmoja ukamwacha peke yake umemtoa kwenye mazoezi ya klabu ambako angalau alikuwa na watu kumi wa kushikana nao, yaani kambi imempunguza.

Sasa hoja zangu ni hizi.

1. Kambi ya mtu mmoja

Nimeshaieleza hapo juu, naongeza moja tu. Hii sio mara moja. Wenzangu wa klabu zingine wana hadithi zao zinazofanana, mmoja mchezaji wake alifanya mazoezi na watu wa karate ambao walikuwa na moyo mzuri lakini hawajui newaza, yaani mapambano ya chini. Utaratibu wa kuangalia tiketi ngapi ndio tuite watu wangapi ndio unaoua. Mwenye tiketi ni mmoja sawa, lakini timu ya kumwandaa haiwezi kuwa mmoja.

2. Uzito unaotangazwa dakika za mwisho

Wanaume tuna uzito saba kwa kilo, 60, 66, 73, 81, 90, 100 na zaidi ya 100. Wanawake saba, 48, 52, 57, 63, 70, 78 na zaidi ya 78. Mchezaji anajenga mwili wake kwa uzito fulani kwa mwaka mzima, anajua atakula nini, atapigana na watu wa aina gani. Binti mmoja wa kwetu alikuwa 52, na mwili wake kwa kawaida unakaa 53. Zimebaki siku tisa akapigiwa simu kwamba 52 imeshajazwa, utaingia 48. Kilo tano ndani ya siku tisa kwa mtoto wa kike ambaye hana nyama ya ziada popote! Nilimkataza, akaniambia sensei nisipokubali hawataniita tena. Alikuwa anakimbia saa saba mchana amevaa koti la mvua ndani na sweta juu, siku mbili za mwisho hanywi maji, anatafuna bigijii ili mate yatoke anatemea kwenye chupa, na chupa ile anaitazama juani aone imefika wapi. Tulimpima kwenye mizani ya duka la nafaka. Alifikisha. Uzito unapimwa jioni ya siku moja kabla, halafu asubuhi ya mashindano mnaweza kuitwa ghafla kupimwa tena na hutakiwi kuzidi asilimia 5, kwa hiyo hata kula akashiba aliogopa. Pambano ni dakika 4. Dakika ya pili miguu ilikuwa imeshakwisha, nilimuona anasimama kama mtu anayesimama kwenye boti.

Wanaodhani nakuza mambo wakumbuke Chung Se-hoon wa Korea Kusini, mwanajudo mkubwa kabisa, alikufa mwaka 1996 akiwa anapunguza kilo kujiandaa na Olimpiki ya Atlanta. Yule alikuwa na madaktari na makocha wa nchi tajiri. Wa kwetu alikuwa na mimi na muuza nafaka.

3. Pointi za dunia, ambazo hazikusubiri

Hapa naomba nisomwe taratibu. Kwenda Olimpiki kwenye judo kunategemea listi ya dunia. Kwa Paris 2024 pointi zilihesabiwa kuanzia Juni 2022 mpaka Juni 2024, kila uzito walipita 17 wa juu, na baada ya hapo Afrika nzima tuligawiwa nafasi 24 za bara, wanaume 12 na wanawake 12, na nchi moja haichukui zaidi ya moja kati ya hizo. Mkipiga hesabu hiyo hiyo kwa Los Angeles 2028, basi mwaka huu ndio mwaka wenyewe, sio 2028. Mshindi wa African Open anapata pointi 100, bingwa wa Afrika 700, na kwenye mashindano makubwa ya mzunguko wa dunia, mshindi wa Grand Prix 700, wa Grand Slam 1000. Asiyekwenda anapata sifuri. Na mchezaji hawezi kujisajili mwenyewe hata kama ana mjomba wa kumlipia tiketi, lazima aandikishwe na chama cha nchi yake, kwa hiyo ofisini mkikaa kimya mlango umefungwa hata kwa mwenye hela zake.

Tunajua inawezekana. Andrew Thomas Mlugu alisimama Paris tarehe 29 Julai 2024 kwenye uzito wa 73, uzito ule ule ambao Hidayat Heydarov wa Azerbaijan alichukua dhahabu siku hiyo hiyo. Watoto wangu walijazana kwenye simu moja kumtazama, wengine wamepanda juu ya turubai lililokunjwa, na alipoinama kusalimia na wao wakainama. Tangu siku hiyo nimepata watoto wapya ambao sijui niwaweke wapi. Nataka kujua nani anafuata nyuma yake, anaandaliwa wapi, na mwaka huu ataandikishwa mashindano gani. Hilo swali lilikuwa kwenye barua yangu ya kwanza yenye muhuri.

Na wapo wadogo. Olimpiki ya vijana inafanyika Dakar kuanzia tarehe 31 Oktoba mpaka 13 Novemba mwaka huu, mara ya kwanza mashindano ya Olimpiki yanafanyika kwenye ardhi ya Afrika, na judo ipo. Nina watoto wa umri huo. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza majina yao.

4. Tatami, judogi na sheria mpya

Eneo la kupigania kimataifa ni kati ya mita 8 kwa 8 na 10 kwa 10, na pembeni pande zote kuna eneo la usalama. Tukichukua dogo kabisa, 8 kwa 8 na mita 3 kila upande, ni ukumbi wa 14 kwa 14, mita za mraba 196, yaani tatami 98 za mita 1 kwa 2. Tatami zikitandikwa pamoja watoto wanajifunza mstari uko wapi, na mstari kwenye judo unapoteza mechi, maana ukitoka nje ovyo unapewa shido, yaani adhabu, na shido tatu umefukuzwa. Sisi tunafundisha mstari kwa kuchora chaki kwenye turubai. Naomba mtuambie tatami za timu ya taifa ni ngapi, ziko kwenye stoo gani, na lini mara ya mwisho zimetandikwa zote kwa pamoja.

Judogi, yaani nguo za judo, zinatakiwa mbili, nyeupe na ya bluu, zenye lebo inayokubalika, na kabla ya kupanda unapimwa urefu wa mikono na upana kwa kile kipimo chao. Mimi mwenyewe enzi zangu nilifika ukumbini na nyeupe tu. Nikaitwa upande wa bluu. Nikazunguka kwenye korido nikiomba gi kwa watu nisiojua lugha yao, nikapata ya mtu aliyenizidi, mikono inaning'inia, na mpinzani wangu alishika mkono ule ulioning'inia kwa raha zake zote. Miaka mingi imepita. Mwaka juzi mchezaji mmoja wa huku aliomba gi ya bluu kwenye grupu letu la wasapu siku mbili kabla ya safari.

Kuhusu sheria. Yuko, ile pointi ndogo, iliondolewa 2017 ikarudishwa 2025, na siku hizi ukimbana mtu chini sekunde 5 ni yuko, 10 ni waza-ari (pointi inayozidi yuko), 20 ippon. Nilihudhuria mashindano ya kwetu baada ya mabadiliko hayo na refa aliendesha kwa sheria za nyuma, mtoto akanyimwa pointi yake. Simlaumu refa, hajawahi kuitwa semina.

5. Wanawake

Tangu Olimpiki ya Tokyo kuna shindano la timu mchanganyiko, wanaume watatu na wanawake watatu, na dunia nzima imeshajipanga hivyo. Kwetu msichana bado anaitwa kama nafasi ikibaki. Nina mabinti kumi na moja, wawili kati yao wanawatupa wavulana wa uzito wao kila wiki. Wazazi wao wananiuliza kuna faida gani, na wakati mwingine sina jibu la kuwapa.

6. Majeruhi

Mchezaji akiumia kwenye kambi yenu anarudishwa nyumbani na anatibiwa na familia. Goti langu lilitibiwa kwa kuuza pikipiki ya kaka yangu. Naomba tu mtu wa kwanza kuumia mwaka huu asiuze kitu.

Najua mtakachosema, kwa sababu nimeshaambiwa mengi ya hayo kwenye simu.

Mtasema hela hakuna. Nakubali hela ni kidogo na nakubali judo sio mpira, tunajenga viwanja kwa ajili ya AFCON 2027 na nafurahi kama Mtanzania mwingine yeyote. Lakini ninachokiomba kwa sehemu kubwa sio hela. Kutangaza uzito wa mchezaji miezi mitatu kabla ni bure. Kubandika ratiba ya mwaka ni bure. Kujibu barua ni bure. Na pale inapohitajika hela tuanze na zile ndogo: kutoka Dar kwenda Unguja ni boti tu, na kule kuna judo ya siku nyingi, tangu Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alipoanza kuwafundisha vijana wa Zanzibar miaka ya 1990, wamezalisha watu wenye newaza ya kukunyima usingizi. Kutoka hapa kwenda Nairobi ni basi. Burundi jirani zetu wamekuwa na wanajudo kwenye Olimpiki, Antoinette Gasongo alikuwa Rio 2016, na wao sio matajiri kutuzidi. Wiki mbili za randori na majirani zina thamani kuliko mwezi mzima wa kibaraza na mpira wa tairi.

Mtasema wachezaji ni wachache. Ni wachache kwenye faili zenu! Njooni Temeke, nendeni kwenye klabu za mikoani, nendeni kwenye majeshi. Wachezaji wapo, ila hawajaandikwa, na asiyeandikwa hana pointi, na asiye na pointi mnasema hayupo.

Mtasema mchezaji wenyewe hana kiwango, tukimpeleka atatuaibisha. Kiwango kinatoka wapi kama hajapigana? Misri, Algeria na Tunisia hawakuzaliwa na judo. Mohamed Rashwan wa Misri alichukua fedha Los Angeles 1984, Amar Benikhlef wa Algeria fedha Beijing 2008 na Soraya Haddad shaba mwaka huo huo, Anis Lounifi wa Tunisia akawa bingwa wa dunia 2001. Walipelekwa, wakapigwa, wakarudishwa tena, na watu wa kushikana nao nyumbani walikuwepo. Tunarudi Los Angeles ile ile ya Rashwan.

Na mtasema nimekimbilia mtandaoni nimechafua sifa ya mchezo. Hili linaniuma zaidi kuliko yote kwa sababu judo ndiyo iliyonilea, bila judo mimi leo sijui ningekuwa wapi, vijana niliokua nao kijiweni wengine hawapo duniani. Nimewaletea barua tatu zikiwa zimefungwa. Hii ya nne iko wazi kwa sababu zile tatu hazikufunguliwa.

Tunachoomba, mimi na wenzangu tuliokubaliana kabla sijaandika:

Kwanza kabisa na kuliko yote, kila atakayeitwa kujiandaa na Glasgow au mashindano yoyote makubwa aitwe na wenzake wanne angalau, wa uzito wake na wa uzito wa juu yake, wakae naye kambi nzima. Kama chakula cha watano hakipo basi kambi iwe ya kutwa, walale makwao, sisi wenye klabu tutawaleta. Na kila Jumamosi tuwe na randori ya pamoja ya klabu zote zinazoweza kufika, mtupatie ukumbi tu na hizo tatami zilizoko stoo. Nauli tutajilipia. Nimeshaongea na klabu sita, zimekubali.

Pili, vigezo vya kuchagua timu viandikwe na vibandikwe, pamoja na ratiba ya mashindano mtakayoandikisha watu mpaka mwisho wa 2027, na mchezaji aambiwe uzito wake miezi mitatu kabla na usibadilishwe bila yeye na kocha wake kukubali kwa maandishi. Mtu aliye chini ya miaka 18 asikatishwe kilo kabisa.

Tatu, mpite kwenye klabu muandikishe wachezaji wote, wa kike na wa kiume, na majina ya vijana wa kuangaliwa kwa Dakar yajulikane mwezi huu. Muda umeshakwenda sana kwenye hilo, najua, ila hata mmoja akipata nafasi itakuwa kitu.

Judogi, bima ya majeruhi na semina ya marefa tunaomba tukae mezani tujadili kwa sababu hayo yana gharama na sisi sio watu wa kudai tu, tuna mawazo ya wapi pa kubisha hodi.

Naomba nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 21. Ikiwa jibu ni hapana kwa lolote kati ya haya naomba hapana hiyo iandikwe na sababu yake, nitaisoma mbele ya wachezaji wangu kama ilivyo. Na kabla ya kujibu, karibuni mazoezini. Tupo Jumatatu, Jumatano na Jumamosi kuanzia saa kumi jioni, nyuma ya karakana, mkisikia msumeno umenyamaza mjue tumeanza. Yule kijana wa mpira wa tairi amerudi, anafundisha watoto wadogo kushika kola. Yule binti naye yupo, amerudi kwenye 52 yake, na anauliza kila siku kama kuna habari.

Wenu katika mchezo,

Mwalimu wa klabu ya mtaani,
Temeke, Dar es Salaam

Nakala: wenye klabu wote, wazazi, na mlinzi wa hosteli popote alipo